Bandika, bandua: mwongozo kamili wa kupima jinsi fosfatasi zinavyoongoza ishara za kinasi

Umechochea seli, umepiga bloti ya protini (western blot), na mstari wa ERK yenye fosfati, protini inayopitisha ishara za ukuaji wa seli, umetoka mweusi tii. Mkono unakimbilia kuandika kwamba kinasi, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini, imeamshwa. Ngoja kwanza. Mstari huo ungetoka mweusi vilevile kama kinasi ingeendelea na kasi yake ya siku zote, ila fosfatasi, ile inayobandua, ikawa imezembea. Picha moja haiwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili, hata ikipigwa kwa ustadi wa namna gani. Hapa chini ni namna ya kuyatenganisha, kwanza kwa penseli, kisha maabara. Namwandikia mwanafunzi anayejua protini ni nini na aliyewahi kushika pipeti. Asiye na maabara atautumia mwongozo huu kusomea matokeo ya wengine.

1. Wajue wanaobandika na wanaobandua

Kinasi huchukua fosfati moja kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye amino asidi serini, threonini au tirosini ya protini nyingine. Fosfati huja na chaji hasi, na chaji hizo hulazimisha protini ijikunje upya, ipate mshirika mpya au imwache wa zamani. Fosfatasi huibandua fosfati hiyo kwa kutumia maji. ATP iliyotumika hairudi. Kila bandika-bandua moja ni ATP moja iliyokwenda, na seli huilipa hata pale inapoonekana imetulia tu.

Kwa muda mrefu fosfatasi zilichukuliwa kama wafagiaji wanaokuja sherehe ikiisha. Ajabu ni kwamba fosfatasi ndiyo iliyoonekana kwanza. Miaka ya 1940 Carl na Gerty Cori walikuta kimeng'enya kinachogeuza fosforilasi ya misuli (kimeng'enya kinachovunja glikojeni) kutoka umbo moja kwenda jingine, wakakiita PR, wakidhani kinang'oa kiambata fulani cha protini ile. Kumbe kilikuwa kinabandua fosfati. Edmond Fischer na Edwin Krebs walipoonyesha mwaka 1955 kwamba fosforilasi huamshwa kwa msaada wa ATP, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 1992, fumbo la PR nalo likafumbuka.

Kwa kazi yako unahitaji kuzijua familia tatu.

PPP ndimo walimo PP1, PP2A na kalsinurini. Hizi hubandua kwenye serini na threonini, na zina ayoni mbili za metali katika kitovu chake cha kazi. PPM, ambayo mwakilishi wake anayejulikana zaidi ni PP2C, hushughulikia serini na threonini pia, lakini hudai magnesi au manganizi na haiguswi na asidi ya okadaiki, kizuizi cha fosfatasi tutakachokutana nacho hatua ya 6. Kisha iko PTP, familia ya tirosini. Kitovu chake kina sisteini moja ambayo hupoteza protoni yake kwa urahisi kuliko sisteini za kawaida, na ndani ya familia hiyohiyo wamo DUSP, wanaoweza kubandua tirosini na threonini kwa pamoja. PTP1B, ya kwanza kusafishwa katika familia hii, ilitolewa kwenye kondo la nyuma la binadamu mwaka 1988.

Hesabu ya jeni huwashangaza wengi. Binadamu ana jeni za kinasi 500 na ushei, takriban 90 kati yake zikiwa za tirosini. Upande wa PTP kuna jeni takriban 100, kwa hiyo kwenye tirosini pande mbili zinakaribiana. Kwenye serini na threonini, kinasi mia nne na zaidi zinakabiliwa na fosfatasi thelathini na kitu tu. Wachache hao wanamudu vipi? Hawafanyi kazi peke yao. PP1 hushikamana na washirika wapatao 200, na kila mshirika huipeleka mahali pake na kwa walengwa wake. PP2A ina sehemu tatu: A ya kushikilia, C ya kubandua, na B ya kuchagua mlengwa, na B zenyewe ni nyingi. Ukisoma sentensi isemayo "PP2A iliongezeka", uliza: ipi? Yenye B55 na yenye B56, aina mbili za B, ni timu mbili tofauti zinazotumia mkasi mmoja.

2. Piga hesabu kabla ya kugusa seli

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa miezi. Chukua protini yenye mahali pamoja pa fosfati. Kinasi hubandika kwa kasi k, fosfatasi hubandua kwa kasi f, zote kwa dakika. Mambo yakitulia, sehemu ya protini yenye fosfati ni k ÷ (k + f). Muda wa kufika nusu ya safari kuelekea utulivu huo ni 0.69 ÷ (k + f). Na ukiizima kinasi ghafla, fosfati hupungua kwa nusu kila baada ya 0.69 ÷ f.

Anza na k = 1 na f = 1. Nusu ya protini ina fosfati. Ukizima kinasi, itakayobaki baada ya sekunde 42 hivi ni nusu ya hiyo.

Sasa ongeza kinasi mara mbili: k = 2, f = 1. Fosfati inapanda hadi 67%. Rudi mwanzo, iache kinasi ilivyo, ipunguze fosfatasi kwa nusu: k = 1, f = 0.5. Fosfati inapanda hadi 67% ileile. Kwenye bloti mistari hiyo miwili ni pacha, hakuna jicho litakaloitofautisha. Lakini zima kinasi upime: katika hali ya kwanza muda wa nusu umebaki sekunde 42, katika ya pili umerefuka hadi sekunde 83. Kwa hiyo mporomoko baada ya kinasi kuzimwa unaiona fosfatasi peke yake, na ndiyo sababu jaribio la hatua ya 5 limejengwa juu yake.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini seli inakubali kuchoma ATP bure. Weka k = 0.1 na f = 0.1: nusu ya protini bado ina fosfati, sawa na mwanzo, ila ukizima kinasi itakuchukua karibu dakika saba kuona upungufu wa nusu. Fosfatasi yenye kasi huifanya ishara iwe nyepesi kuwaka na nyepesi kuzimika. Kinasi hupandisha ishara. Fosfatasi huamua pia itadumu muda gani.

Kuna jambo moja zaidi la penseli. Hesabu hii inadhani vimeng'enya vina nafasi ya ziada. Mlengwa akiwa mwingi kiasi cha kuzijaza kinasi na fosfatasi zote mbili, tabia hubadilika kabisa, kama Goldbeter na Koshland walivyoonyesha mwaka 1981. Kwa kawaida kimeng'enya kinahitaji kichocheo kiongezeke mara 81 ili kipande kutoka 10% hadi 90% ya nguvu zake. Pande zote mbili zikijaa, mabadiliko madogo tu ya uwiano wa kinasi na fosfatasi yanatosha kuigeuza protini karibu yote, mithili ya swichi ya taa.

3. Chora ramani ya kila fosfati, na alama yake

Kwenye karatasi, andika kila mahali pa fosfati kwenye kinasi unayoichunguza. Pembeni ya kila pahali weka alama: inaamsha au inalaza? Usiruke hata pamoja, maana hapa ndipo dhana ya kwamba fosfatasi ni breki huanguka.

ERK2 ya binadamu huamka ikiwa na fosfati mbili, threonini 185 na tirosini 187. Kuondoa mojawapo kunatosha kuilaza, kwa hiyo PP2A, PTP au DUSP, yeyote anaweza kuizima kwa mlango wake. AKT, kinasi nyingine, nayo ina threonini 308, ambayo hubanduliwa na PP2A, na serini 473, ambayo hubanduliwa na PHLPP wa familia ya PPM. Hapa fosfatasi ni breki kweli.

Tazama sasa CDK1, kinasi inayoanzisha mgawanyiko wa seli. Kabla seli haijagawanyika, kinasi Wee1 na Myt1 huibandikia fosfati kwenye tirosini 15 na threonini 14, na fosfati hizo huilaza. Cdc25, ambayo ni fosfatasi, huzibandua, na seli huingia kwenye mgawanyiko. LCK, kinasi ya seli T za kinga, hulazwa na fosfati ya tirosini 505, na fosfatasi CD45 huiondoa. RAF, kinasi iliyo juu ya ERK kwenye njia yake, hufungwa na fosfati ya serini 259, na PP1 ikiwa na washirika wake SHOC2 na MRAS huifungua. Fosfatasi hizi zote zinawasha. SHP2, fosfatasi ya tirosini, nayo inahitajika ili ishara ya RAS, protini inayoiamsha RAF, ipite vizuri, na mabadiliko ya jeni yake yanayoizidishia kazi husababisha ugonjwa wa Noonan. Mtu akikuambia dawa fulani inazuia fosfatasi kwa hiyo lazima iongeze ishara, mwonyeshe aya hii.

4. Kusanya sampuli bila kuharibu ushahidi

Ukipasua seli, kinasi hukosa ATP ya kutosha mara moja, lakini fosfatasi haihitaji ATP. Huendelea kubandua ndani ya mrija wako huku wewe ukitafuta kalamu ya kuandikia namba. Sampuli ya mwisho kushughulikiwa inaonekana dhaifu kuliko ya kwanza, na unaweza kuandika tasnifu nzima juu ya mpangilio wa mirija yako.

Njia iliyo salama zaidi: mwaga chakula cha seli, mwagia palepale bafa ya SDS (sabuni kali) iliyochemshwa hadi karibu nyuzi 95, kwangua, chemsha. Vimeng'enya vyote vinakufa kwa pamoja. Kama huwezi kutumia SDS, fanya kazi juu ya barafu na utie vizuizi: sodiamu floridi milimola 50 na beta-gliserofosfeti milimola 10 kwa upande wa serini na threonini, sodiamu othovanadeti milimola 1 kwa upande wa tirosini.

Vanadeti ina ukaidi wake. Ikiyeyushwa tu, molekuli zake hushikana kumi kumi, na mchanganyiko huwa wa manjano. Irekebishe hadi pH 10, chemsha hadi rangi ipotee, ipoze, pima pH tena, rudia mpaka ibaki 10 bila rangi. Igandishe kwa vipimo vidogo. EDTA (inayonasa metali) na DTT (inayozuia uoksidishaji) huivunja nguvu, na zote mbili hupatikana katika bafa nyingi za kupasulia seli. Soma orodha ya viungo vya bafa yako kabla ya kulaumu kingamwili.

Kwenye bloti yenyewe, zuia kwa BSA (albumini ya damu ya ng'ombe) badala ya maziwa, kwani kasini ya maziwa imejaa fosfati. Na kila mara weka mfereji mmoja wa rojo ya seli iliyotibiwa kwa fosfatasi ya lamda pamoja na manganizi. Mstari usipotoweka hapo, kingamwili yako haioni fosfati, inaona kitu kingine.

5. Zima kinasi, hesabu sekunde

Hili ndilo jaribio lenyewe. Nitumie njia ya ERK kama mfano.

Tayarisha sahani tisa za seli za aina moja, zilizonyimwa seramu usiku kucha. Moja iache bila kichocheo, itakupa sakafu. Nane zichochee kwa EGF, kichocheo cha ukuaji, kwa dakika tano, wakati ambapo ERK huwa imepanda vizuri katika seli nyingi. Moja kati ya hizo nane ikusanye papo hapo: ndiyo sifuri yako. Zilizobaki zitie kizuizi cha MEK, kinasi inayoibandikia ERK fosfati, mathalani trametinibu, kwa kipimo ulichokwisha hakikisha kinaizima kabisa, kisha kusanya baada ya sekunde 15, 30, dakika 1, 2, 4, 8 na 16. Kila muda na sahani yake. Anza kwa kupishanisha, usijaribu kukimbizana na sahani zote kwa wakati mmoja.

Pima ERK yenye fosfati na ERK yote. Gawanya, toa sakafu, chora logi asilia (ln) ya matokeo dhidi ya muda. Ukipata mstari ulionyooka, mteremko wake, bila alama ya kutoa, ni f. Nukta za mwanzo huenda zikalala bapa kidogo kwa sababu dawa inachukua muda kuingia na MEK iliyokwisha amka inachukua muda kunyamaza; ziache nje ya mstari, ila useme umeziacha.

Kosa linalonasa wengi ni mistari iliyoshiba. Picha ikipigwa muda mrefu, nukta tatu za juu zote huonekana sawa, na mporomoko wa haraka unaonekana wa polepole. Weka kwenye jeli hiyohiyo sampuli ya sifuri iliyopunguzwa mara 2, 4 na 8. Kama mistari hiyo haipungui kwa uwiano huo, hesabu zote za bloti hiyo ni za kutupwa.

Kisha rudia kila kitu katika hali unayotaka kuichunguza: jeni iliyobadilishwa, dawa, seli za saratani. Fosfati imepanda na mteremko haukubadilika? Tafuta kinasi. Imepanda na mteremko umelegea? Fosfatasi imepungua. Vipokezi vyenye kinasi ya tirosini kama EGFR, kipokezi cha EGF, vinahitaji mkono mwepesi zaidi: kizuizi chake kikiingia, fosfati huondoka ndani ya sekunde, na dakika nzima ya kusitasita ni kuchelewa.

Ongeza sahani chache za aina moja zaidi. Tia sikloheksimaidi, inayozuia utengenezaji wa protini mpya, kabla ya EGF, halafu fuatilia ERK kwa saa mbili bila kizuizi cha MEK. Katika seli nyingi ERK iliyoamka huagiza DUSP1 na DUSP6 zitengenezwe, nazo huja kuizima, DUSP1 ndani ya kiini na DUSP6 nje yake. Ishara ikirefuka chini ya sikloheksimaidi, breki yako ni ya mrejesho, inajengwa njiani. Isiporefuka, ilikuwapo tangu mwanzo.

6. Mtafute mbanduaji kwa jina

Umejua fosfatasi inahusika. Ipi? Anza na vizuizi, lakini usiishie hapo.

Asidi ya okadaiki huizuia PP2A kwenye mrija kwa chini ya nanomola 1, na PP1 kwa makumi ya nanomola. Tofauti hiyo inavutia sana kwenye karatasi. Ndani ya seli PP2A ni nyingi mno, dawa huingia polepole, na kipimo cha nje hakikuambii kilichofika ndani. Kalikulini A huzuia zote mbili kwa nguvu zinazokaribiana. Mikrosistini ni kali lakini haipiti utando wa seli nyingi, isipokuwa zenye mlango wake kama za ini. Kwa kalsinurini una bahati: siklosporini na takrolimasi, kila moja ikishirikiana na protini yake ya ndani, huilenga vizuri, na ndiyo maana hutumika kwa waliopandikizwa viungo. Vaa glavu kwa hizi zote. Okadaiki ndiyo sumu ya kome wanaoharisha watu.

Kumbuka kwamba kizuizi cha PP2A hupandisha fosfati ya MEK pia. ERK ikipanda, huenda PP2A haikuwahi kuigusa. Kwa hiyo rudia mporomoko wa hatua ya 5 mbele ya okadaiki, MEK ikiwa imezimwa. Hapo ndipo jibu lina uzito.

Baada ya kemia, jeni. Kunyamazisha sehemu C ya PP2A huua seli au huzivuruga kiasi kwamba matokeo hayasomeki. Nyamazisha B moja moja. Kwa PTP kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote: mtego. Katika PTP1B, ukibadilisha asparteti 181 kuwa alanini, kimeng'enya hukamata mlengwa wake lakini hushindwa kumalizia kazi, kwa hiyo humng'ang'ania. Vuta mtego, angalia nani amenasa. Weka vanadeti kwenye sahani ya kulinganisha: kwa kuwa inakaa katika kitovu hichohicho, mlengwa halisi ataachiwa na aliyeng'ang'ania kwa bahati mbaya atabaki.

Mwisho, mrija. Protini safi yenye fosfati, fosfatasi safi, muda, bloti. Ukipima fosfati iliyoachiwa kwa kijani cha malakaiti, usitumie bafa ya fosfati popote njiani, hata kuoshea. Mimi niliosha mara moja, sahani nzima ikawa kijani na nikafurahi kwa dakika kumi. pNPP, mlengwa wa bandia anayegeuka manjano akibanduliwa na kusomwa kwa nanomita 405, ni rahisi na ya bei nafuu, ila karibu kila fosfatasi huila, kwa hiyo inakuambia kwamba kimeng'enya chako kiko hai na hakuna zaidi. Na kwa PTP, tia DTT kwenye kipimo na fanya kazi haraka: sisteini yake huoksidishwa na hewa. Seli zenyewe hutumia udhaifu huo, kwani hidrojeni peroksaidi inayozalishwa baada ya vichocheo kama insulini huzilaza PTP kwa muda ili ishara ipite.

7. Andika ulichopima

"X ni fosfatasi ya Y" ni dai linalohitaji vitu vitatu: ukiiondoa X, mporomoko wa Y unalegea kinasi ikiwa imezimwa; ukiirudisha X nzima unakaza tena, lakini ukiirudisha X iliyokufa kitovu haukazi; na X safi inabandua fosfati ileile ya Y kwenye mrija, au inainasa kwa mtego. Ukiwa na la kwanza tu, andika kwamba X inahitajika ili fosfati ya Y iondoke kwa kasi ya kawaida. Ukiwa na la tatu tu, andika kwamba X inaweza. Taja mahali pa fosfati kwa namba yake, taja sehemu B kama ni PP2A, na weka muda wa nusu pamoja na idadi ya marudio, ili msomaji apige hesabu ya hatua ya 2 mwenyewe.